Nyumbani ni Wapi? Bendi za Kifamilia za Blugrasi na Kosa la Kuhakiki Karatasi

Katika semina yetu ya fasihi simulizi niliwahi kusimama nikasema, tena kwa kujiamini kweli kweli, kwamba nyimbo za blugrasi za Marekani ni kilio cha watu wanaotazama nyuma. Ushahidi wangu ulikuwa karatasini: nyumba ya mbao mlimani, mama mzee mlangoni, kaburi chini ya mti, na msimulizi aliye mbali ambaye kila ubeti anaapa kurudi na harudi. Nikahitimisha kuwa hiyo ni fasihi ya ndoto, haimwonyeshi mvujajasho nani anamnyonya. Wenzangu wakapiga makofi. Makala haya yananuia kuyarudisha makofi hayo, maana nilihakiki maneno nikadhani nimehakiki wimbo.

Kwanza tuelewane. Blugrasi imepata jina kutoka bendi ya Bill Monroe iliyoitwa Blue Grass Boys. Monroe alizaliwa mwaka 1911 karibu na Rosine, Kentucky. Mama yake alifariki akiwa na miaka 10, baba akiwa na miaka 16, akaenda kuishi kwa mjomba wake, mpiga fidla, ambaye baadaye alimtungia wimbo. Mwaka 1939 akaingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha Nashville cha Jumamosi usiku. Hapo ndipo maisha ya barabarani yalipopata ratiba: katikati ya wiki bendi inazunguka miji ya Kusini, Jumamosi lazima iwe imerudi Nashville. Miaka ya 1940 walisafiri na hema lao wenyewe, na wakishafika mjini, kabla ya onyesho, wanacheza besiboli na timu ya wenyeji ili watu wavutike. Yatima huyu basi aliimba juu ya nyumba iliyobaki tupu huku akilala garini.

Mtu atauliza, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Banjo lenyewe limetokana na ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. Na wimbo ambao Monroe aliingia nao Opry ulikuwa wa Jimmie Rodgers, yule yule ambaye sauti yake ilifika kwa Wakipsigis wa Kenya kupitia sahani za santuri, hata mwaka 1950 Hugh Tracey akawarekodi wasichana wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Nyimbo hizi zimetembea kuliko sisi tunaozihakiki.

Sasa tuje kwenye bendi za kifamilia, maana ndizo zilizonitoa tongotongo. Mwaka 1999 familia ya Cherryholmes wa Los Angeles ilifiwa na binti mkubwa. Baba, Jere, alikuwa fundi seremala. Katika kutafuta cha kuwatoa watoto kwenye msiba, wazazi waliwapeleka kwenye tamasha la blugrasi. Matamasha haya ya siku kadhaa yalianza mwaka 1965 huko Fincastle, Virginia, na yana tabia moja nzuri: jukwaani pakishazimwa taa, watu wanaendelea kupiga kwenye mahema yao hadi usiku wa manane, na mtoto anaweza kusimama pembeni ya mkubwa akajifunza. Familia ikarudi na uamuzi wa kuwa bendi. Baba akashika besi, mama mandolini, watoto wanne wakagawana banjo, gitaa na fidla. Mdogo kuliko wote alikuwa hajafikisha miaka 10. Baada ya muda baba akaacha kazi, wakahamia barabarani, watoto wakasomeshwa na wazazi humo humo safarini. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka ya chama cha kimataifa cha blugrasi, wakiwapita wakongwe wa miaka mingi.

Hebu sasa uchukue wimbo wowote ule wa nyumba iliyoachwa, uuweke katika vinywa vya watu hawa. Karatasini msimulizi yuko peke yake, mama yuko mbali. Jukwaani mama yuko hatua mbili kulia kwake, ameshika mandolini! Anayelilia nyumba amezungukwa na nyumba nzima. Maneno yanasema “nimewaacha,” utendaji unasema “tumekuja nao.” Ukisoma moja bila jingine, umeshapotea njia.

Sisi hapa tumelelewa katika ubishi wa fani na maudhui, wengine wakituletea kikombe na chai, wengine chungwa. Mimi nawaletea kipaza sauti kimoja. Del McCoury, aliyeimba na Monroe mwaka 1963, kwa miaka mingi alikata magogo Pennsylvania siku za kazi na kupiga muziki Jumamosi na Jumapili. Wanawe wakaingia mmoja mmoja, Ronnie na mandolini mwaka 1981, Rob na banjo mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 bendi yao ikarudia mtindo wa zamani wa kusimama wote mbele ya kipaza sauti kimoja. Hapo hakuna wa kusaidiwa na mitambo. Anayepiga peke yake anasogea, wengine wanampisha. Akimaliza anarudi nyuma, na wakati wa kiitikio vichwa vinakutana karibu kugusana. Anayekosea hatua anagongwa na shingo ya gitaa la baba. Sijaona picha ya familia iliyo wazi kuliko hiyo: nani anapisha, nani anapishwa, nani anaamua tempo. Na sauti za damu moja zinavyoshikana, irabu kwa irabu, kwa sababu zimejifunza kusema mezani pamoja, hilo haliandikiki. Fani hapo si chombo cha kubebea maudhui. Ndiyo yenyewe familia ikifanya kazi.

Nimesema kazi, na hapa sitaki kugeuka mshairi wa sifa. Bendi ya kifamilia ni uchumi. Baba ni dereva, meneja, na mkubwa wa kazi. Kwenye bendi nyingi za namna hii kuna mama au binti anayeshuka jukwaani moja kwa moja kwenda mezani kuuza kaseti na sahani. Nguo za jukwaani nani anazifua, gari likiwa njiani? Nyimbo zinamlilia mama mlangoni, lakini sijakutana na ubeti unaomtaja mama akihesabu chenji saa sita za usiku. Na mtoto wa miaka 7 aliyepewa fidla hakuulizwa kama anataka kuhama. Atakuwa mrithi wa jadi au nguvukazi isiyolipwa? Nadhani alikuwa vyote viwili, na asiyekubali kimojawapo anaogopa ama Marx ama machozi. Katika semina ile mimi niliogopa machozi.

Mwaka 2011 Cherryholmes walivunja bendi. Hapakuwa na kashfa. Watoto walikuwa watu wazima, kila mmoja akataka njia yake. Wahakiki wa muziki waliandika kama taarifa ya kawaida ya bendi kufa, lakini kwa mtu anayesoma nyimbo hizi jambo hilo ni zito. Katika jadi nzima ya blugrasi, kijana anayeondoka nyumbani anashika barabara. Hawa barabara ndiyo iliyowalea. Kwao kuondoka nyumbani kulikuwa kushuka kwenye gari, kukodi chumba mahali pamoja, na kulala usiku kucha bila kusikia injini. Wimbo wa kuwalilia watu wa aina hiyo, ambao nyumba yao ya zamani ina magurudumu na huenda ilishauzwa kwa bendi nyingine, mimi bado sijausikia ukiimbwa.