Marashi yenye kunukia majani mabichi

Wazee wetu wanasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa upande wa marashi, naona methali hii inatudanganya.

Kule Birere muuzaji anakupulizia parfe kwenye mkono, unanusa, na mbele ya dakika moja kuisha umekwisha kukata shauri. Ndiyo sababu zile zenye sukari na vanila, pamoja na zile za udi zinazotoka Dubai, zinashinda. Zinajiuza palepale. Katika andiko hili nataka kutetea marashi ya namna nyingine, yale ya wakati wa mama zetu, ambayo yanaanza kwa uchungu: maua pamoja na majani mabichi. Nimejipaka moja juma zima, nyumbani, kalasini na kwenye arusi. Nitasema mema yake na mabaya yake.

Jina lake ni N°19, ya nyumba Chanel ya Paris. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na namba inakumbusha siku ya kuzaliwa ya Coco Chanel, tarehe 19 mwezi wa nane 1883. Mbele yake, mwaka 1947, mama mmoja Mfaransa, Germaine Cellier, alikuwa ametunga Vent Vert, yaani "upepo wa kijani", kwa ajili ya nyumba Balmain. Zote mbili zinasimama juu ya utomvu mmoja wa mmea wa kule Irani. Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana nao: ndiyo ile kelbena inayotajwa katika Kutoka 30:34, kati ya viungo vya uvumba mtakatifu.

Kelbena inanukia nini? Usitafute mbali. Kaa karibu na mama anayechambua maharagi mabichi, uvunje ganda moja mbele ya pua. Ni hiyo. Ongeza majani ya sombe yanapoanza kutwangwa, na nyasi za kiwanja cha masomo wakati wanafunzi wanazikata kwa kupekupe. Siku ya kwanza kijana mmoja aliniambia: "Madamu, leo unanukia sawa shamba!" Kalasi nzima ikacheka. Sikukasirika, maana alikuwa amenusa vizuri kuliko wauzaji wengi.

Lakini angengoja. Kisha saa moja uchungu unapungua, maua yanaingia, na nyuma yao unakuja mzizi wa ua linaloitwa iris. Mzizi huo unachimbwa, unakaushwa, unawekwa karibu miaka 3 mbele ya kutolewa mafuta. Harufu yake ni ya poda, na ya udongo kidogo, kama viazi vilivyochimbwa sasa hivi. Jioni inabaki poda hiyo tu, karibu sana na ngozi. Ni mpaka mtu akukumbatie ndipo ataisikia.

Mabaya yake sasa. Kwenye arusi, ambako kila mama alikuja na harufu yake kali, hakuna aliyeisikia. Vumbi na moshi wa makala vinaimaliza upesi. Na bei yake haiendi na mshahara wa mwalimu: yangu nilitumiwa na ndugu aliyeko Bruxelles, tena chupa ilikuwa nusu. Anayetaka kusifiwa njiani achague nyingine.

Mimi sikuivaa juu ya sifa. Mama yangu alikuwa nayo, zawadi ya baba, chupa ya pembe nne yenye namba mbele. Alijipaka siku ya Noeli, na siku ya kuenda kupokea matokeo yetu ya masomo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria. Chupa ilibaki chini ya mawe pamoja na nyumba. Mama hakuitaja tena. Mtu aliyepoteza nyumba anaona haya kulilia parfe.

Mwisho wa juma lile nilimtembelea. Alishika mkono wangu, akanusa, akanyamaza. Kisha akasema: "Hii njo ya kwangu. Lakini ya kwangu ilikuwa na nguvu zaidi." Labda watengenezaji wameibadilisha, kama ilivyotokea kwa marashi mengi ya zamani. Labda pia ni ukumbusho unaozidisha nguvu.

Tunaandika juu ya ngoma, vyakula na mahari, ila harufu tunaiacha, kwa sababu haiwekwi katika sanduku wala kupigwa picha. Kumbe inapotea mbele ya vingine vyote. Vijana wanaosema "hii ni parfe ya bakoko" ninawaomba jambo moja: msikate shauri sokoni. Jipakeni asubuhi, halafu mngoje jioni.

Chupa yenyewe sina tena. Nimemwachia mama.