Chagua Pa Kulala Kwanza, Njia Baadaye

Ukiuliza Moshi mjini ni njia gani nyepesi ya kupanda Kilimanjaro, hutakosa wa kukujibu: Marangu. Watu wa mlima wameibandika jina la njia ya Coca-Cola, kwa kuwa ina vibanda vya kulala, magodoro, na soda za kununua kambini. Njia nyingine, Machame, wanaiita ya wiski. Basi asiyejiamini anachukua Coca-Cola, tena ya siku tano kwa sababu ndiyo nafuu. Alfajiri ya siku ya nne yuko juu ya changarawe za Kibo, ameegemea fimbo, kichwa kinampasuka, chai aliyokunywa saa sita usiku yote imeishia chini, na mwongozaji anamwambia kwa upole kwamba imetosha, tushuke.

Miguu yake haikuwa na shida. Njia nayo kweli ni ya taratibu, pana, iliyotunzwa. Kilichomwangusha ni ratiba, na ratiba hiyo angeweza kuisoma akiwa bado nyumbani.

Tuisome. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Siku ya tatu unavuka uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, unafika kibanda cha Kibo, mita 4,720, unakula mapema, unajilaza saa chache bila usingizi wa maana, kisha unaamshwa katikati ya usiku kwenda kileleni Uhuru, mita 5,895. Tangu Mandara, kila siku umepandisha kitanda chako mita elfu moja. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze usiku mmoja palepale ulipo. Ratiba ya siku tano inavunja ushauri huo tena na tena, halafu inakudai kilele.

Kwa nini hesabu iwe ya pa kulala, wakati mchana kutwa umeshinda ukipanda? Hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwamo wauzaji wa safari. Huko juu mgandamizo wa hewa unapungua, na pale Uhuru kila pumzi inakuletea takriban nusu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga au Mombasa. Mwili unajibu kwa kupumua haraka. Ukipumua haraka unatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inaelekea upande wa alkali, na ubongo ukiona hivyo unavuta breki: punguza kupumua. Figo ndizo zinazotatua mgogoro huo kwa kutoa alkali ya ziada kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mchana, ukiwa macho na unatembea, unaweza kujilazimisha kuvuta pumzi. Usiku huwezi. Usingizi ukikuchukua pumzi hupungua, pengine husimama sekunde kadhaa kisha hurudi kwa kishindo, na oksijeni ya damu hushuka chini kuliko wakati wowote wa mchana. Ndiyo maana maumivu mengi ya kichwa hugunduliwa asubuhi, ndani ya hema, kabla hata ya uji. Chembe nyekundu mpya za damu, ambazo husifiwa sana katika mazungumzo haya, zinahitaji wiki kadhaa. Katika safari ya wiki moja figo na mapafu ndivyo vinavyofanya kazi.

Sasa iweke Machame ya siku saba kando ya ratiba ile. Usiku wa kwanza ni kambi ya Machame, mita 2,800 na ushei. Wa pili Shira, kama 3,800. Siku ya tatu ndiyo iliyoipa njia hii heshima yake: unapanda hadi Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, unakula chakula cha mchana pale kwenye upepo, kisha unashuka mchana huohuo zaidi ya mita 600 kwenda kulala Barranco, chini kidogo ya 4,000. Umetoka jasho siku nzima, na kitanda kimepanda kidogo sana tangu jana. Mgeni asiyeelezwa hulalamika: mbona tunapoteza mwinuko tuliouhangaikia? Lakini mwili umeonjeshwa hewa ya 4,600, ukastuka, kisha ukapewa usiku wa kujirekebisha chini. Usiku wa nne ni Karanga, karibu mita 4,000 tena. Wa tano Barafu, kama 4,670, na kutoka hapo ndipo kilele. Kwa hiyo umelala mara tatu mfululizo kati ya mita 3,800 na 4,000 kabla ya kwenda juu zaidi. Mtu wa Marangu ya siku tano, karibu na mwinuko huo, alilala mara moja.

Angalia vilevile kwamba Machame hiyohiyo inauzwa kwa siku sita. Siku inayokatwa ni ile ya Karanga: unatoka Barranco, unapanda ukuta wa mwamba, unapita Karanga bila kulala, unafika Barafu jioni umechoka, na usiku uleule unaamshwa. Jina la njia ni lilelile, picha kwenye kipeperushi ni zilezile, ila umeuziwa mlima mwingine. Mimi siku ya Karanga naihesabu kuwa siku yenye thamani kuliko zote katika upande wa kusini, ingawa matembezi yake ni mafupi na haina mandhari ya kujisifia.

Kanuni hii si mpya. Hans Meyer, Mjerumani ambaye pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo Oktoba 6, 1889, alikuwa ameshajaribu mwaka 1887 na kurudishwa na barafu. Alichobadilisha mwaka 1889, mbali na kuja na mwenzake aliyezijua barafu za Alps, kilikuwa mpango wa kambi. Aliweka kambi moja juu ya msitu na nyingine kwenye uwanda wa juu, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuleta chakula kutoka Marangu, ili Meyer na mwenzake wasilazimike kuteremka kila mara njaa ilipowabana. Oktoba 3 walichonga ngazi kwenye barafu hadi ukingo wa kreta, wakaona kilele bado kiko mbali na saa zimekwenda, wakarudi. Wakapumzika. Mara ya pili wakalala juu zaidi, kwenye pango, ndipo wakafika. Hawakuwa na vitabu vya tiba ya mwinuko, lakini walikuwa na siku, na kulikuwa na watu waliobeba mizigo ili siku hizo zipatikane. Wapagazi wa leo, ambao mlimani huitwa wagumu, bado wanafanya kazi ileile, mizigo yao ikipimwa kwenye mizani pale getini.

Turudi kwenye njia za leo. Njia ya Lemosho inaingilia magharibi, inapita msituni hadi kambi ya Mti Mkubwa, inavuka uwanda wa Shira kwa siku mbili za taratibu, kisha inaungana na Machame. Kwa siku nane ndiyo ratiba ninayompendekezea mtu asiyewahi kulala juu ya mita 3,000, mradi ana fedha na likizo. Njia ya kuzunguka kaskazini ni Lemosho iliyorefushwa kwa wenye muda zaidi. Rongai inaanzia karibu na mpaka wa Kenya, upande usio na mvua nyingi, kwa hiyo ndiyo ya kufikiria mtu anapolazimika kupanda karibu na masika au vuli, wakati msitu wa Machame ni tope tupu. Inapanda taratibu, lakini haina ule mchezo wa kupanda na kushuka, hivyo usiku wa ziada pale Mawenzi Tarn, kama mita 4,300, usiukatae. Umbwe inakufikisha Barranco usiku wa pili tu. Waachie waliokwishazoea mwinuko.

Hata ratiba bora kati ya hizi inavunja ushauri wa mita 500 kwenye hatua ya mwisho, kwa sababu kutoka Karanga hadi Barafu ni zaidi ya 600. Mlima huu ni mfupi wa njia na mrefu wa kimo. Tofauti ni umeuvunja ushauri mara ngapi, na ukiwa umejiandaa kiasi gani.

Ukishapata idadi ya siku, ndipo uwezo wako wa aina nyingine uingie kwenye mizani. Anza na magoti, maana hayaulizwi mpaka yameshaharibika. Njia za kusini na magharibi zote huteremkia Mweka, na siku ya kilele unashuka kutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka iliyo karibu mita 3,100, siku hiyohiyo, baada ya kukesha ukipanda. Mwenye goti bovu atapata nafuu Marangu au Rongai, ambako mteremko hadi Horombo ni wa polepole zaidi. Mwenye kizunguzungu cha kimo aujue ukuta wa Barranco: kama mita 250 za mwamba unaopandwa kwa mikono na miguu, bila kamba. Wagumu huupanda na mizigo kichwani huku wakipiga soga, lakini kuna mahali inabidi uukumbatie mwamba ili upite, na pale watu huganda. Asiyeweza achague Marangu, Rongai au mzunguko wa kaskazini. Asiyewahi kulala kwenye hema katika baridi ya chini ya sifuri asione haya kwenda Marangu kwenye vibanda; anunue siku sita, usiku wa ziada ukiwa Horombo, na siku ile ya kati apande kuelekea Mawenzi kisha arudi kulala. Ni Lava Tower ya watu wa vibanda.

Marangu ina sifa nyingine isiyotajwa: ni rahisi kutoka. Njia yake pana inapitisha machela ya gurudumu moja, mgonjwa akafungwa mikanda na kukimbizwa chini. Ukizidiwa kati ya Barranco na Barafu, habari ni nyingine.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mkimbiaji. Mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Yanamwezesha tu kufika mapema mahali ambapo mwili wake bado haujawa tayari. Kijana wa mbio ndefu hufika Shira mbele ya wapagazi, anapiga picha, na jioni hali chakula. Kwake uwezo wa kupimwa ni wa kutembea nyuma ya mwongozaji kwa mwendo wa maharusi na asichukie.

Kama hujui mwili wako unavyopokea mwinuko, kuna mahali pa kuuliza kabla ya kulipia Kilimanjaro. Mlima Meru, mita 4,562, unapandwa kwa siku tatu au nne ukilala Miriakamba, kama 2,500, na Saddle Hut, kama 3,570, ukisindikizwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Una usiku wa kilele, una baridi, una ukingo mwembamba. Ukitapika Saddle Hut umepata jibu kwa bei ndogo: Kilimanjaro yako iwe ya siku nane. Ukiteremka mzima, hukupata kinga ya maisha, lakini ukiendelea na Kibo siku chache baadaye umebeba sehemu ya mazoea hayo.

Dawa ya Diamox huharakisha ile kazi ya figo, ndiyo maana unakojoa sana na vidole vinakuwasha. Muulize daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na usiitumie kununua siku uliyoikata.

Kwa Mtanzania hesabu ya siku moja zaidi ni tofauti na ya mgeni, kwa kuwa ada za hifadhi tunalipa kwa shilingi na ni ndogo sana. Kinachoongezeka ni chakula na ujira. Hata hivyo makundi yetu, yakiwamo yale ya Desemba kuadhimisha Uhuru wa nchi, hupenda ratiba fupi kwa sababu watu wanaomba ruhusa kazini. Kundi la watu kumi na wanne haliwezi kuwa na uwezo mmoja, na ratiba ikifuata wenye nguvu, wanyonge wanaishia Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita mia mbili na kitu chini ya Uhuru. Ichaguliwe njia ya aliye dhaifu zaidi, kisha iulizwe kampuni: waongozaji wasaidizi wangapi? Kundi likiwa na mmoja tu, mtu wa kwanza kuugua anawarudisha wote, au anashushwa na mtu asiyejua anachotazama. Wakiwa wanne, wa polepole wanaweza kuondoka Barafu saa tano usiku na wepesi saa saba, wakakutana juu jua likichomoza, na bado akabaki mmoja wa kumteremsha atakayeshindwa. Iulize pia kampuni maji ya Barafu yanatoka wapi. Pale hakuna chanzo. Hubebwa mgongoni na kichwani kutoka bonde la Karanga, na kampuni iliyobana wapagazi utaijua kwa kikombe cha chai kisichojaa.