Mizani Mbili za Flojistoni

Muuza karafuu hapokei gunia ila kwa mizani, na mshairi wa pwani haupitishi mshororo ila baada ya kuhesabu mizani yake. Nami silijui neno la elimu lililopita katika mizani zote mbili kwa taabu kama flojistoni.

Tabibu wa Kijerumani, Georg Ernst Stahl, alilitwaa kwa Wayunani mwanzoni mwa karne ya 18, akalipa kazi ya kutaja asili ya moto, iliyodhaniwa kukaa ndani ya kila kiunguacho na kukitoka kinapowaka. Fundi wa lugha akilipasua taratibu, kama seremala afuataye mshipa wa mti, hukuta ndani yake mzizi wa ulimi wa moto, kisha kiambishi kinachoufanya mzizi huo kitenzi cha kuwasha, na mwishoni alama ya kitu kilichotendwa: kilichounguzwa. Wayunani walikaza silabi ya mwisho. Waingereza wakaurudisha mkazo katikati, flo-JIS-ton. Nasi, kwa kulivika irabu mwishoni, tumeusogeza hadi kwenye to, maana Kiswahili humkaribisha mgeni kwa sharti la kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Adhaniye kuwa huu ni upuuzi na ajaribu kuhamisha mkazo wa neno barabara, aone kama njia ya kupita haitageuka kuwa sawasawa.

Mwaka 1774 Joseph Priestley alipata hewa iliyokoleza mwali wa mshumaa, na baadaye akaibandika sifa ya silabi 6, ambayo sisi tungeisema iliyoondolewa flojistoni. Na hilo iliyoondolewa, lenye nafsi, wakati, urejeshi, mzizi na kutendwa, ni jahazi lililoundwa kwa ustadi usiopungua ule wa Kiyunani.

Kisha ikaja mizani ya pili. Antoine Lavoisier alipima madini yaliyochomwa, akayaona yameongezeka uzito, ilhali kitu kilichotokwa na kitu hakiwi kizito zaidi. Hewa ile akaiita oksijeni, yaani kizaa asidi, na hapo akakosea yeye pia, kwani asidi hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina hilo la kosa linasomwa katika kila darasa. Lile jingine, lililoundwa kwa unadhifu zaidi, limezikwa.

Priestley hakulikana. Alifariki Pennsylvania mwaka 1804, akiwa bado analitetea.