Mabano ya Hiari
Yukihiro Matsumoto alipoitoa Ruby hadharani mwaka 1995, alikusudia lugha ya programu ya kumfurahisha anayeiandika. Ndiyo maana mabano yake mengi ni ya hiari. Kuchapa salamu, ukiandika puts "Shikamoo" inatosha. Ukiyaweka mabano, kompyuta haina neno. Anayetokea Java huona kama kafunguliwa pingu.

Sasa tuseme umetunga funksheni ya kujumlisha namba mbili, ukaiita jumla, kisha tazama mstari huu: puts jumla 3, 4. Ruby haibabaiki, inajumlisha na kuchapa 7. Anayebabaika ni msomaji: hiyo 4 ni ya jumla au ni ya puts? Mwandishi makini ataandika puts jumla(3, 4). Mabano ya nje kayaacha, kwa kuwa puts inajulikana na kila mtu. Ya ndani kayaweka ili hiyo 4 isitafutiwe mwenyewe. Jibu ni lile lile 7, kwa hiyo mashine haitamsifu kamwe. Namsifu mimi.

JavaScript, ya mwaka huohuo, ina ukarimu wa hatari zaidi. Ukiacha nukta mkato mwishoni mwa sentensi, mara nyingi lugha hukuwekea. Lakini andika return, shuka mstari, ndipo uandike thamani: nukta mkato inapachikwa palepale baada ya return, funksheni inarudisha undefined, na thamani yako inabaki chini haina kazi. Utahangaika kutwa nzima ukitafuta kosa mahali pengine.

Mtoto wa madrasa huanza na maandishi ya Kiarabu yenye alama zote za irabu, ilhali gazeti la Cairo halinazo na wasomaji wake hawalalamiki. Basi mwanagenzi wa lugha mpya ya programu naye aandike kila alama ya hiari, hata wenyeji wakimcheka, mpaka jicho lijue zipi zinabeba maana. Na asidhani ujuzi ni kuzifuta zote: msahafu una irabu zake hadi leo, hata mikononi mwa mashehe.

Waliobuni lugha ya Go walichoshwa na ubishi wa mitindo ya kuandika msimbo. Nukta mkato huwekwa na lugha yenyewe, na zana yake gofmt hupanga msimbo wa kila mtu kwa mtindo mmoja. Kazini ni nafuu kubwa, sibishi. Ila nikisoma Ruby iliyoandikwa kwa uangalifu, namwona mwandishi akiamua mstari kwa mstari: hapa kaniamini, hapa kanishika mkono. Katika Go sehemu kubwa ya maamuzi hayo imeshakatwa kabla hajagusa kibodi.