Altezza ya silinda sita: kwa nini tuliliacha gari lenye nguvu zaidi

Mpwa wangu ana miaka 24, leseni ya miaka mitatu na ajira yake ya kwanza ya kudumu. Alikuja kwangu Tabata na picha za magari matatu kwenye simu: Subaru Impreza yenye turbo, Toyota Mark X na Toyota Altezza RS200. "Anko, nataka gari lenye roho," alisema, "ila lisinitoe roho mimi." Wiki sita baadaye alinunua gari la nne, ambalo halikuwamo kwenye simu: Altezza AS200, ndugu mpole wa ile aliyoitamani, lenye farasi 50 pungufu. Nitaeleza hesabu iliyotufikisha hapo, pamoja na mahali tulipokosea.

Hatua ya kwanza haikuwa ya gari. Akiba yake tuliigawa mafungu kumi: saba ya kununulia, matatu ya kukaa na gari mwaka wa kwanza. Gari ambalo bei yake ilivuka mafungu saba liliondoka mezani bila mjadala, hata kama dalali aliapa kwa kaburi la bibi yake. Bei ya gari kuukuu la mwendo hushuka miaka inavyokwenda, lakini bei ya spea zake haishuki nayo. Kijana anayemaliza hela yote siku ya kununua hupata gari zuri la kuegesha.

Impreza ilitoka ya kwanza, na iliuma. Sisi wa Afrika Mashariki tuna deni la mapenzi kwa Subaru: Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Safari Rally ya 1994 akiwa na Impreza, Colin McRae akashinda Safari ya 1997, Richard Burns ile ya 2000. Lakini mapenzi hayasomi gasketi. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, hivyo ina vichwa viwili na gasketi mbili za kuchunga, na plagi zake zinatazama ubavuni, mahali ambapo mkono wa fundi hupita kwa shida. Turbo nayo huzunguka kwa kutegemea oili safi. Mwenye gari aliyechelewesha oili miaka miwili amekuachia bili ambayo huioni. Kilichomaliza mjadala kilikuwa matairi. Gari lile lilikuwa na matairi manne ya kampuni tatu, mawili mapya na mawili yaliyoisha. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, tairi lililoisha huzunguka haraka kuliko jipya, na difu ya kati hulazimika kusuluhisha ugomvi huo kutwa nzima hadi ichemke. Muuzaji aliyebana hela ya tairi hatukuamini kuwa aliimwaga kwenye oili.

Mark X ilikuwa na farasi 215 kutoka injini ya V6 ya lita 2.5, na nyuma ndiko inakosukumia. Ila zote za lita 2.5 huja otomatiki, na kijana alitaka gia za mkono. Pia petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, hivyo masizi hujikusanya pale bila kitu cha kuyaosha. Ni gari zuri la safari ndefu. Si gari la kujifunzia kuendesha vizuri.

Ikabaki Altezza. Toyota iliitoa mwaka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani la 1998–1999, na nje ya Japani ikauzwa kama Lexus IS. Dar es Salaam wengi wanaikumbuka kwa taa zake za nyuma, zilizoigwa duniani kote. Mafundi wanaiheshimu kwa kilicho chini: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, injini imesogezwa nyuma ili pua isizidiwe na uzito, na kila gurudumu limeshikwa na amu mbili, ya juu na ya chini. Tairi hubaki limekanyaga barabara vizuri hata gari linapolala kwenye kona. Roho ya gari iko hapo, na iko sawasawa kwenye RS200 na AS200.

Tofauti yao ni injini, na hapa namba zinataka kusomwa hadi mwisho. RS200 ya gia za mkono ina injini ya silinda nne ya 3S-GE, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha: farasi 210. AS200 ina 1G-FE ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja: farasi 160. Wengi huishia kusoma hapo. Lakini farasi 210 hupatikana injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Msukumo wenyewe, yaani torki, ni niutonimita 216 kwenye mizunguko 6,400. Ya AS200 ni 200 kwenye mizunguko 4,400. Kwa hiyo tofauti ya msukumo ni 16 tu, na ule wa silinda sita hufika mizunguko 2,000 mapema. Nikamuuliza: kutoka Tabata hadi kazini Posta, injini yako itafika 6,400 mara ngapi? Akacheka. Foleni ya Buguruni haina mizunguko hiyo.

Kuna mambo mengine mawili. 3S-GE imebana sana mchanganyiko wake wa hewa na petroli, ndiyo maana Japani huwekewa petroli ya daraja la juu. 1G-FE hunywa ya kawaida. Na 1G-FE imo pia ndani ya Mark II na Chaser zilizojaa mitaani kwetu, kwa hiyo spea yake huitafuti madukani Gerezani asubuhi nzima. Zaidi ya hayo, silinda sita za mstari mmoja husawazishana zenyewe: nguvu za pistoni zinazopanda na zinazoshuka hufutana, mtetemo ukaisha. Mlio wake ni wa kitambaa kinachochanwa taratibu. Huo nao ni roho.

Soko likamalizia hoja. RS200 tatu tulizoziona zilikuwa zimepita kwa vijana kabla ya kijana wangu: mbili zimekatwa springi ili zilale chini, matairi yakiwa yameliwa upande wa ndani, ya tatu imekatwa ekzosi. Ile AS200, namba C, gia sita za mkono, ilikuwa ya mama mmoja mhasibu wa Kinyerezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Sijaiwasha tangu jana, fundi wenu alisema mnaitaka ya baridi."

Injini ya moto huficha mengi; ya baridi husema kweli. Fundi alifungua mfuniko wa oili kutafuta ute wa rangi ya maziwa, akafungua rejeta kutafuta mafuta juu ya maji, kisha akawasha na kutazama moshi. Alilinganisha namba ya chesisi na kadi. Tukakagua madeni ya trafiki. Mama akatoa daftari la gereji: oili, plagi, breki, kila kitu na tarehe yake. Mkanda wa taimingi tu haukuandikwa. Mkanda usio na tarehe huhesabiwa kuwa umeisha, kwa sababu unaendesha vali, na unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Boljointi za chini mbele, sehemu inayochoka mapema kwenye Altezza, zilikuwa na mchezo. Tulipunguziwa bei ya vyote viwili.

Tulikosea kwenye klachi. Tulilijaribu gari Jumamosi mchana, foleni ikatubana, hatukupita gia ya tatu. Wiki ya pili, kwenye mlima wa Kibamba, kijana akakanyaga akiwa gia ya tano: mizunguko ikapanda, mwendo ukabaki palepale. Klachi ilikuwa inateleza. Kipimo chake ni cha dakika moja: tafuta barabara tupu yenye mwinuko, weka gia ya juu kwa mwendo mdogo, kisha kanyaga. Tungekwenda saa kumi na mbili asubuhi tungejua.

Mkanda, pampu ya maji, boljointi na klachi vimekula fungu moja na nusu kati ya yale matatu. Lililobaki alitaka kuliweka kwenye ekzosi. Nikamwambia achague mwenyewe, gari ni lake. Jumapili iliyopita nilikuta amelipandisha kwenye jeki, anafunga pedi mpya za breki. Aliniita nisikilize injini ikiwa baridi.