Baga Haizuii Vita

Thomas Friedman wa New York Times anaandika vizuri. Ukimsoma unatabasamu, unakubali, halafu mtu akikuuliza umekubali nini hasa unabaki unajiumauma.

Chukua nadharia yake ya McDonald's. Aliitoa kwenye safu yake Desemba 1996, kisha akaiingiza katika kitabu chake The Lexus and the Olive Tree cha 1999: hakuna nchi mbili zenye McDonald's zilizopigana vita tangu kila moja ipate mgahawa huo. Eti nchi ikishakuwa na tabaka la kati la kuulisha mtandao wa McDonald's, watu wake hawataki vita tena, wanataka kupanga foleni ya baga.

Haikuwa kweli hata siku ilipochapwa. Panama ilikuwa na McDonald's tangu miaka ya 1970, na Desemba 1989 jeshi la Marekani likaivamia. Tena Marekani, nyumbani kwa McDonald's yenyewe! Machi 1999 NATO ikaanza kuipiga Yugoslavia mabomu kwa siku 78. Watu wa Belgrade walikuwa wanakula baga hizo tangu 1988.

Kukosea si hoja, kila mwandishi anakosea. Mimi nina ugomvi na utetezi wake. Katika toleo lililofuata alisema Waserbia walichoka haraka kwa kuwa walitaka kurudi kwenye maisha yao ya kawaida. Kwa hiyo vita visipotokea, McDonald's imevizuia, vikitokea, imevifupisha. Ni yule mganga ambaye mgonjwa akipona dawa ni yake, akifa mlichelewa kumleta.

Na huku kwetu je? Kenya na Tanzania hazina McDonald's hata moja na hazijawahi kupigana. Tanzania na Uganda zilipigana, 1978 hadi 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Sasa hebu niambieni, migahawa hamsini pale Kampala ingemzuiaje Amin? Lini aliliuliza tabaka la kati lolote? Nadharia nzima haina mahali pa kumweka mtu anayetoa amri.

Sisi wasomaji wa fasihi tunapenda taswira, na ndiyo maana tunanaswa kirahisi. Katika shairi, taswira haidaiwi ushahidi. Kwenye safu ya siasa inadaiwa. Ondoa baga, sema tu "nchi zenye watu wenye pesa kidogo hupenda amani", uone kama kuna mhariri atakayeichapa.

Mwaka 2005, katika The World Is Flat, Friedman alileta nyingine, ya kompyuta za Dell: nchi zilizo kwenye mnyororo mmoja wa uzalishaji hazitapigana. Hii ina afadhali, maana inaonyesha nani atapoteza nini: viwanda, oda, ajira. Lakini bado anaapa kwamba haitatokea, na aliyetoa amri Urusi mwaka 2022 hakujali kwamba Moscow na Kyiv zote zilikuwa na McDonald's. Kampuni ndiyo iliyofungasha na kuondoka Urusi.