Macho Mekundu kama Ishara ya Uchawi: Uhakiki wa Hoja ya Moshi katika Shinyanga na Geita

Miongoni mwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita, macho mekundu ya mwanamke mzee yamekuwa yakisomwa kama ishara ya uchawi, na usomaji huo umegharimu maisha ya vikongwe wengi. Makala haya yanahakiki jibu linalotolewa mara kwa mara na viongozi, wanaharakati na vyombo vya habari, kwamba wekundu huo husababishwa na moshi wa kuni na wa samadi inayotumiwa kupikia katika maeneo yaliyopungukiwa miti.

Kitabibu, jibu hilo ni sahihi ila halijakamilika, kwani uhaba wa maji nao una sehemu yake. Trakoma huenea zaidi pale ambapo nyuso za watoto hazinawishwi, na wanawake, kwa kuwa ndio walezi, huathirika kuliko wanaume. Kope hujikunja kwa ndani na kukwaruza jicho. Kwa hiyo bomba linaloleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga kutoka Ihelele linahusika na mjadala huu sawa na jiko sanifu. Katika matangi ya maonyesho, sili akipata ukungu wa macho, wataalamu hupima chumvi na klorini ya maji pamoja na ukali wa mwanga. Mazingira huhojiwa kwanza. Kikongwe wa Usukuma amenyimwa utaratibu huo.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa wa hoja ya moshi ni wa kimantiki. Kumtetea mwanamke kwa kueleza chanzo cha wekundu ni kukubali kwamba jicho linaweza kutoa ushahidi. Je, yule ambaye wekundu wake hauna maelezo atatetewa kwa lipi? Simeon Mesaki, katika tasnifu yake ya mwaka 1993, aliyaweka mauaji haya katika muktadha wa historia, ukiwemo uhamishaji wa watu vijijini miaka ya 1970. Kwa mtazamo huo, mashaka hutangulia: mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, au shamba la mjane linatamaniwa. Jicho hutafutwa baadaye ili kuthibitisha kilichokwisha kuamuliwa.

Kwa hiyo kubadili tafsiri ya ishara hakutoshi; ishara yenyewe haina budi kuondolewa mamlaka. Macho yatibiwe kwa sababu yanauma. Ulinzi wa mwenye macho hayo usitegemee matokeo ya tiba.